Napoleoni Alivyofika Kinama

Wadogo zangu wa chumba cha walimu, siku mliponiaga kwa soda na biskuti mlisimama mmoja mmoja mkanisifu. Mmoja wenu akasema kwamba wakati wa vita nilikuwa mwalimu jasiri. Sikumkatiza. Soda ilikuwa baridi, na ni mara chache mtu husifiwa akiwa hai. Lakini nilipofika nyumbani Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, mke wangu Zaina aliniuliza mlisema nini, nikamweleza, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. "Jasiri? We? We unaogopa paka wa jirani!" Basi naandika haya ili uongo ule usinifuate mpaka kaburini. Pia kuna ile ramani ya turubai niliyowaachia kabatini, yenye doa la manjano juu ya Polandi. Nimesikia mmoja wenu anataka kuifua. Asiifue. Asome kwanza.

Nilianza kazi nikiwa kijana mrefu kama mlingoti, nikitaka kufundisha jiografia. Direkta, mkuu wa lise yetu ya sekondari, akaniambia jiografia ina mtu, kilichobaki ni historia ya Ulaya, na zamu yangu ya kwanza ni kesho, Napoleoni. Nikakesha, wallahi, nikakariri somo zima kwa Kifaransa, koma na nukta. Asubuhi nikaingia darasani, nikagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, nikaanza. Nilimzaa Napoleoni Korsika, nikampeleka Misri, nikamvika taji, nikamtekea Viena na Berlin, nikawapa kaka zake ufalme, nikampeleka Mosko kule Urusi, nikamrudisha, nikamshindisha njaa na baridi, nikamfungia kisiwani, akatoroka, nikamfungia tena, akafa. Nikaangalia saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini, na kipindi kilikuwa cha saa nzima.

Wanafunzi walinitazama. Nami nikawatazama. Msichana wa mbele akauliza kwa adabu, "Sasa tufanye nini, Mwalimu?" Nikasema tutarudia. Basi nikamfufua yule bwana, nikaanza tena Korsika, na safari hii, kwa hofu na jasho, nilipofika Waterloo, alikopigwa mara ya mwisho, nikamfanya ashinde. Darasa zima likaangua kicheko. Siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya mchana, jina langu Hamisi likafa shuleni. Mpaka ninastaafu, kila kizazi cha wanafunzi kimeniita Waterloo, wakidhani sisikii.

Darasa la jirani alifundisha Mzee Sirili, mwalimu wa siku nyingi ambaye aliwahi kufundisha hata baadhi ya walimu wenzetu. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Mapumziko yalipofika akaja, akaniambia taratibu, "Kijana, umeteka Ulaya mara mbili kwa kipindi kimoja. Hata mwenyewe hakuweza." Kisha akanichukua stoo, akanionyesha ramani.

Ilikuwa ramani ya turubai, ndefu kuliko mimi, yenye fimbo mbili za kuikunjia, na himaya yote ya Napoleoni imepakwa rangi ya waridi. Mzee Sirili alinifundisha kuibeba begani kwa mikono miwili, kuipangusa kwa kitambaa kikavu na kuonyesha kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kidole, kwa sababu jasho la kidole hula wino. Paris ilikuwa tundu kabisa. Walimu waliotutangulia walikuwa wameigusa mpaka ikatoboka. Halafu akanifundisha kitu ambacho ndicho kilichotaka kutuua baadaye, yaani ramani bubu.

Ramani bubu, kwa wale ambao hamkuikuta, ni ramani isiyo na neno hata moja. Mwanafunzi anachora pwani na mito, kisha anaweka alama tu. Mshale mwekundu ni jeshi linalokwenda, mshale wa bluu ni jeshi linalorudi. Msalaba mdogo ni vita, taji ni mahali Napoleoni alipomweka kaka yake kutawala, moto ni Mosko. Mzee Sirili alisema, "Ramani ikisema yenyewe, mutoto atanyamaza. Ramani ikinyamaza, mutoto atasema." Akiona neno moja alikata alama mbili. Mimi, nikiwa mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu wangu, nilikata nne.

Nilifundisha hivyo miaka mingi. Mzee Sirili akastaafu, akaenda kulima kwao, akaniachia kijiti. Nilikuwa hodari sana wa kuteka nchi za watu nikiwa nimesimama kivulini. Nilipenda hasa sehemu ya utawala. Nilikuwa naeleza jinsi mtu mmoja alivyowaandikia wengine sheria moja kutoka Uholanzi hadi Italia, na jinsi alivyogawa viti vya ufalme kama mtu anayegawa mahali pa kukaa arusini, huyu kaka Uhispania, yule Uholanzi, yule mdogo Ujerumani. Wanafunzi waliuliza kama watu wa Uhispania walikubali. Nilijibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

Kisha vita vikaja kwetu. Sitawaandikia nani alikuwa nani. Mliokuwepo mnajua, na msiokuwepo mna wazazi. Nitasema tu kwamba madawati yalipungua. Asubuhi nyingine mtaa mmoja haukupitika, kesho yake ni mtaa mwingine, na mimi nikiita majina nilijifunza kutouliza mara mbili. Ukumbi wa shule ulijaa familia zilizokimbia makwao, na stoo yetu ya ramani alipewa mama mmoja aliyekuwa karibu kujifungua. Tulimwita Mama Dezire baada ya mtoto kuzaliwa. Nilipoingia kutafuta ramani nilimkuta Dezire, mwenye umri wa siku nne, amelala juu yake, na sehemu ya Polandi ilikuwa imelowa.

Nikasema, "Mama, hiyo ni Ulaya."

Akaiangalia, akasema, "Ni kubwa. Itatutosha."

Ningefanya nini? Nikarudi darasani bila ramani. Na hapo, ndugu zangu, akili yangu ikanidanganya kwamba ni kubwa. Wanafunzi walikuwa wanalalamika hawawezi kuona Austria iko wapi, wengi walikuwa hawajafika hata Gitega, humu humu nchini. Nikasema basi, tutamleta Napoleoni hapa. Nikachora Bujumbura ubaoni. Ziwa likawa bahari. Milima ya Uvira ng'ambo ikawa Uingereza, maana Napoleoni naye alikuwa anaiona tu, haifikii. Kinindo, penye majumba, pakawa Paris. Bwiza nikaivika taji, ikawa Uhispania. Mutakura ikawa Viena. Buyenzi, kwetu, nikaifanya Korsika, mahali alipozaliwa mfalme. Mtu hujipendelea. Na kwa kuwa Mosko ilikuwa mwisho wa safari, mbali kaskazini, nikachora moto juu ya Kinama.

Mkono mmoja ukainuka. Alikuwa Goreti, msichana wa miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimemchelewesha shuleni, na alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Kinama kila siku njia ilipofunguka. Mama yake aliuza mihogo sokoni huko huko.

"Mwalimu, Mosko isiwe Kinama. Kinama ni kwetu."

Nikamjibu, "Basi hongera! Napoleoni anakuja kwenu."

Darasa likacheka. Goreti hakucheka. Katika maneno yote niliyosema darasani maisha yangu yote, na nilisema mengi ya kipuuzi, hilo ndilo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni.

Nikawapa kazi ya kuchora ramani hiyo hiyo, bubu, kwenye madaftari. Goreti akaniletea ramani iliyojaa maneno. Kwenye Kinama ameandika, "Hapa ni Mosko, si Kinama." Kwenye mishale ameandika, "Jeshi la Napoleoni, Mfaransa, ameshakufa." Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nikampa nne kwa ishirini na kuandika, "Ramani bubu haisemi!" Akarudia. Safari ya pili alileta kazi safi isiyo na herufi hata moja. Palikuwa na ziwa, mitaa, mishale myekundu kutoka Kinindo kwenda kaskazini, misalaba, na moto mdogo sana juu ya kwao. Nikampa kumi na nane. Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu, "Sasa umeelewa. Endelea hivi hivi." Kisha nikaweka sahihi yangu, ambayo kama mnavyojua inachukua nusu ukurasa.

Siku ya pili yake, asubuhi ya kipindi cha pili, nikaitwa nje. Palikuwa na mama aliyejifunga vitenge viwili, miguu yake ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa mama yake Goreti.

"Weye ndiye Mwalimu Hamisi?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mutoto yangu wamemushika ku barieri ya askari. Walifungua kaye yake ya shule, hii daftari, wakaona mambo ya vita. Anawaambia ni Napoleoni. Sasa huyu Napoleoni anakaa wapi? Aje mwenyewe aseme!"

"Mama, huyo alikufa."

Akashika mdomo. "Yooo! Na yeye walimuua?"

"Apana. Aliumwa tumbo. Zamani sana, kisiwani."

"Basi nani atamusemea mutoto yangu?" Akanitazama juu mpaka chini, na nilikuwa na urefu wa kutosha kutazamwa. "Wamesema saa sita gari inakuja kuchukua watu."

Tulijua sote gari hilo. Waliopanda hatukuwa tukiwaona tena. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nikakimbilia kwa direkta. Alinisikiliza, akafunga kalamu yake, akasema, "Mwalimu Hamisi, programu ya masomo inasema ramani ya Ulaya. Wewe umechora Bujumbura. Hilo si la shule, ni lako." Akaingia ofisini, nikasikia ufunguo. Simlaumu. Kama ningekuwa na mlango wenye ufunguo ningefanya hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi mliosema jasiri. Nilimwambia mama yake Goreti anisubiri pale mbele, nakwenda kuchukua koti. Koti nilikuwa nimelivaa. Nilizunguka nyuma ya jengo kuelekea geti dogo la jikoni ambalo linatokea barabara ya Buyenzi. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na mimi nimeishi kwa methali hiyo na imenilisha vizuri. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi. Lakini pale getini alikuwa amekaa Mama Dezire juani, amemlaza mtoto juu ya ramani.

"Mwalimu," akasema, "unatoroka?"

Wote ukumbini walikuwa wameshasikia. Habari mbaya haina haja ya redio. Nilitafuta jibu, wallahi, na jibu lililotoka sijui lilitoka wapi.

"Nimekuja kuchukua Ulaya."

"Na Dezire alale ku nini?"

Nikavua koti. Lilikuwa koti zuri, la arusi yangu. Akamlaza mtoto juu ya kitambaa cha ndani, akakunja ramani yeye mwenyewe, akanipa. Nikarudi mbele bila koti. Mama yake Goreti alinitazama. Nadhani alikuwa ameshaelewa yote.

Tukaanza safari kwa miguu kuelekea kaskazini, mimi nimeibeba ramani begani kama Mzee Sirili alivyonifundisha, kwa heshima. Tulikuwa tumetembea muda mama yule akanivuta shati. "Mwalimu, teremusha hicho kitu begani. Watatupiga risasi." Nikatazama kivuli changu chini. Kilikuwa cha mtu mrefu mwenye bomba refu begani, anayekwenda moja kwa moja kwenye kizuizi cha askari. Tukasimama kando ya barabara, nikaichomoa ile turubai kwenye fimbo zake, nikazitupa fimbo mtaroni, nikajifunga himaya yote mabegani kama kitenge. Nilinuka mkojo wa mtoto. Hivyo ndivyo nilivyofika barieri, nimevaa Ulaya, mikono juu.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mtu iliyoachwa. Sebuleni palikuwa na meza, na nyuma ya meza luteni kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mama yake Goreti walimzuia nje. Goreti alikuwa amekaa sakafuni karibu na ukuta pamoja na watu wengine watano. Walikuwa wamewavua viatu wote. Nilimwona ameficha miguu yake chini ya sketi ya shule, kana kwamba kinachomsumbua ni mimi kuiona.

Luteni akageuza daftari kunielekea. "Hii sahihi ni ya nani?"

Haikuwezekana kuikana. Ilikuwa nusu ukurasa. "Ni yangu, Afande."

"Umeandika 'endelea hivi hivi.' Aendelee na nini?"

"Na Napoleoni, Afande."

"Na huu mushale, kutoka Kinindo kwenda Mutakura, kisha Kinama, ni wa lini?"

Nikatandaza turubai mezani. Askari aliyekuwa mlangoni akaziba pua. Nikaanza kufundisha. Miaka yangu yote ya kazi, vipindi vyote vile, nilikuwa najiandaa kwa siku hii bila kujua, na siku ilipofika kichwa kikawa cheupe. Nikamzaa Napoleoni Misri. Nikamwoza kabla hajazaliwa. Kijiti cha mwanzi, nilichokuwa nimekichomeka kiunoni tangu darasani, sasa kilikuwa mkononi lakini nilionyesha kwa kidole, nikaingiza kidole kwenye tundu la Paris na kikakwama. Nikaharakisha nifike mwisho, na nilipofika Waterloo nikasema kwa sauti kubwa kwamba alishinda.

Luteni akainua kichwa. "Alishinda?"

"Alishinda, Afande."

"Mi nimesoma, Mwalimu. Hata mi najua." Akasimama. Uso ulikuwa umebadilika. "We si mwalimu. We ni nani?"

Nilifikiri tu habari za Zaina, na kwamba nimemwachia paka wa jirani.

Sauti ikatoka sakafuni. "Alishindwa, Afande."

Goreti alikuwa amesimama, miguu mitupu. Aliendelea, sauti ikimtetemeka lakini haikatiki. "Ni mwalimu wetu kweli. Anakoseaka hapo kila akiogopa. Alikosea hapo siku yake ya kwanza, mama wadogo wetu walikuwa darasani. Shule yote tunamwitaka Waterloo."

"Munamwita nani?"

"Waterloo, Afande."

Yule askari wa mlangoni akacheka kwanza, akaziba mdomo. Kisha luteni naye akaketi, mabega yakimtikisika. Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho, nami nimesimama kati yao nimekwama kidole Paris. Nimeona haya mara nyingi maishani lakini hiyo ndiyo haya pekee niliyoishukuru.

Luteni aliponyamaza akaweka kidole juu ya moto uliochorwa Kinama. "Na hii?"

Nilimtazama Goreti, naye akajua siwezi.

"Hiyo ni Mosko," akasema. "Napoleoni alikwenda na jeshi kubwa kuliko yote. Alipofika akakuta mji hauna watu. Walikuwa wameshabeba vitu vyao wakaenda. Halafu mji ukashika moto. Yeye akakaa kungojea mufalme wao aje kusalimu. Hakuja. Baridi ikaanza, akarudi, jeshi likamwishia njiani."

"Nani aliwasha?"

"Vitabu havisikilizani, Afande. Wengi wanasema wenyewe."

"Mutu achome kwao?"

"Walikuwa wameshahama, Afande. Labda walifikiri kwao imeshakufa."

Luteni alitazama ile rangi ya waridi iliyoenea kutoka Uhispania hadi Polandi. Akauliza aliitawalaje yote ile. Goreti akamweleza habari za kaka na viti vya ufalme, luteni akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe hata kule ni ndugu kwa ndugu," na askari wa mlangoni akatazama dari. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kisha luteni akanisukumia daftari na biki. "Andika majina."

"Afande?"

"Ku ramani hii. Majina yote. Hakuna alama bila jina. Mutoto wa watu anatembea na kitu kama hiki pa barieri, bila neno hata moja! We mutu muzima unafikiriaka nini?"

Basi mimi, niliyekata alama kwa kila neno maisha yangu yote, nikaandika. Mosko. Viena. Paris. Uingereza. Niliandika mbio hata herufi zikapanda juu ya ziwa. Goreti alisimama karibu akinionyesha nilipopasahau. Tulipomaliza luteni alichana ukurasa ule, akauweka mfukoni, nadhani awaonyeshe wakubwa wake, akamwambia askari ampe msichana viatu vyake. Wale watano wengine walibaki wamekaa. Hawakuwa na ramani wala mwalimu. Sikuuliza habari zao. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mlisema jasiri.

Nikajifunga tena Ulaya yangu, tukatoka saa tano na robo. Mama yake alimshika usoni, akamgusa mikono, akamgusa miguu, halafu akampiga kofi la mgongoni na kulia. Njiani Goreti akasema, "Mwalimu, ile nne kwa ishirini?"

"Ishirini kwa ishirini," nikasema. "Nitaandika na sahihi."

"Sahihi ndogo, Mwalimu."

Tulipokaribia kuachana, wao wakirudi Kinama kwa njia ya kuzunguka, akasimama.

"Mwalimu, watu wa Mosko walirudi?"

"Wapi?"

"Kwao."

Nikafungua mdomo kwa mazoea, maana mwalimu hujibu kabla hajajua. Kisha nikaufunga. Nilijua idadi ya farasi. Nilijua rangi ya koti la mfalme. Habari za wenye mji sikuwahi kuzisoma wala kuulizwa. "Sijui, Goreti," nikasema. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli siku ile.

Hazikupita wiki nyingi Kinama ikaungua. Watu waliondoka na magodoro vichwani. Goreti hakuja tena shuleni, na sikupata wa kumuuliza. Moto ule sikuuwasha mimi, najua, Zaina ameniambia mara mia. Lakini nilikuwa nimeuchora kabla, kwa chaki, huku watu wanacheka, na usiponiuma huo utaniuma upi? Nilisikia aibu na huzuni hata nikaacha kufundisha Mosko. Mwaka mzima jeshi langu la Napoleoni liliishia Polandi, pale penye doa, likarudi.

Kazi niliyofanya badala yake ni kutafuta jibu. Vitabu vyetu vya shule vilimfuata mfalme akirudi Paris, na Mosko vikaiacha inawaka. Niliuliza walimu wenzangu, wakasema halimo kwenye mtihani. Mwisho padri mmoja mzee aliniruhusu kuingia kwenye chumba chake cha vitabu, mimi Mwislamu wa Buyenzi na kofia yangu, nikakaa Jumamosi nyingi nikifungua vitabu vilivyoliwa na mende. Kimoja kisicho na jalada kilikuwa na mistari michache. Nikainakili kwenye karatasi, nikaiweka mfuko wa shati, na kila Zaina alipofua alinirudishia.

Ilikaa mfukoni mpaka tukasikia watu wameanza kurudi Kinama. Nikapanda basi dogo mpaka lilipoishia, nikaenda kwa miguu, nikiuliza kwa mama Goreti muuza mihogo. Wakanielekeza kwenye kiwanja chenye kuta mpya za matofali ya udongo, bado mabichi. Mama alikuwa anakanyaga tope. Goreti alikuwa juu ya ukuta, amekonda, misumari mdomoni, anahangaika na bati lililoungua upande mmoja.

Nikapaza sauti kabla hata ya salamu. "Goreti! Walirudi!"

Akatoa misumari mdomoni. "Nani?"

"Watu wa Mosko! Nimesoma! Walirudi, wengine baridi haijaisha. Walianza na vibanda vya mbao juu ya majivu!" Nikatoa karatasi, nikaipepea.

Akanitazama, akatazama ukuta aliokalia, akatazama majirani waliokuwa wanajenga huku na huku. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Umechelewa, Mwalimu. Jibu tumeshalipata." Akanisogezea ncha ya bati. "We ni murefu. Njo ushike hapa."

Nikaiweka karatasi mfukoni, nikashika. Lilikuwa zito, lilikuwa limepata joto la jua, na mikono yangu ya chaki haikulizoea. Akapiga msumari wa kwanza. Kabla ya wa pili akasimama, nyundo hewani.

"Na yeye? Napoleoni alirudi Mosko?"

"Apana," nikasema. "Hakurudi tena."

"Vizuri. Inua kidogo upande wako."